Maswali ya Wasomaji: Abdullah Ibrahim Kabla na Baada ya Zürich

Mpiga piano na mtunzi wa Afrika Kusini, Abdullah Ibrahim, alitimiza miaka 90 tarehe 9 Oktoba 2024, na tangu hapo barua za wasomaji kumhusu hazijakoma. Wengi hawaulizi habari za tamasha zake za karibuni, bali wanataka kujua alitoka wapi, nani alimfunza, na kwa nini wimbo wake mmoja usio na maneno, "Mannenberg", ulishika nafasi ambayo kwa kawaida hushikwa na wimbo wa taifa. Tumechagua barua chache, tumezifupisha, na tunazijibu hapa.

Ndugu Mhariri, marehemu babu alituachia santuri mbili. Moja imeandikwa Dollar Brand na nyingine Abdullah Ibrahim, lakini sura iliyo kwenye majalada ni ile ile. Je, huyu ni mtu mmoja? Na hilo jina la dola lilitoka wapi?
*Msomaji, Tanga*

Ni mtu mmoja. Alizaliwa Cape Town mwaka 1934 akapewa jina la Adolph Johannes Brand. Simulizi inayotajwa zaidi kuhusu jina la utani ni kwamba, akiwa kijana, alikuwa akishuka bandarini kununua santuri za jazi kutoka kwa mabaharia wa Kimarekani weusi, na kwa kuwa alikwenda akiwa na dola mfukoni, wenzake wakamwita Dollar. Jina la Abdullah Ibrahim alilichukua aliposilimu mwaka 1968.

Usitumie jina kukadiria umri wa santuri, kwa sababu kampuni za muziki ziliendelea kulichapa jina la zamani kwa miaka mingi baada ya yeye kuliacha. Santuri yake mashuhuri kuliko zote, ya mwaka 1974, ilitoka ikiwa na jina la Dollar Brand ilhali mwenyewe alikuwa Mwislamu wa miaka sita na ameshakwenda Makka. Tazama mwaka uliochapwa, usitazame jina.

Mimi ni mwalimu wa kwaya. Ningependa kujua mwanamuziki huyu alijifunza piano katika chuo gani, kwa maana vijana wangu huamini kuwa asiyepitia chuo hawezi kufika mbali.
*Msomaji, Nyeri*

Mwalimu, chuo alikipitia, lakini alikipitia akiwa na miaka zaidi ya 30. Mwaka 1967 alipata ruzuku ya Rockefeller Foundation akasoma katika chuo cha Juilliard, New York, wakati tayari alikuwa ametoa santuri na amepiga katika majukwaa makubwa ya Ulaya na Marekani. Aliyokwenda nayo huko alikuwa ameyapata Cape Town, na sehemu kubwa aliipata mahali ambapo wewe mwenyewe unafanya kazi, yaani kanisani.

Alilelewa na bibi yake, na baba yake alifariki yeye akiwa bado mtoto mdogo. Bibi huyo alikuwa miongoni mwa nguzo za Kanisa la African Methodist Episcopal katika eneo la Kensington, na mama yake alikuwa akipiga piano kanisani. Mtoto alianza kufunzwa ala hiyo akiwa na umri wa miaka 7. Historia ya kanisa lenyewe nayo inaeleza mengi kuhusu muziki wake, kwani lilianzishwa na Wamarekani weusi huko Philadelphia mwaka 1816 na likafika Afrika Kusini mwaka 1896, likija na namna ya kuimba iliyozaliwa katika mateso ya watumwa wa Marekani. Kwa hiyo kabla hajanunua santuri yake ya kwanza bandarini, masikio yake yalikuwa yameshazoea nyimbo za Wamarekani weusi, ila alizisikia zikitoka katika vinywa vya jirani zake, zikiwa zimeshachanganyika na uimbaji wa Waafrika wa pale pale.

Wewe unayefundisha sauti nne utalitambua jambo hili haraka kuliko mimi. Tafuta kipande chake kiitwacho "The Wedding" usikilize mikono yake inavyogawana kazi: sauti ya chini hutembea polepole kama besi wa kwaya anayejua kuwa wenzake wanamtegemea, zile za kati hubadilika kwa hatua ndogo ndogo, na ya juu hubeba wimbo bila pambo lolote. Mpiga piano wa jazi wa umri wake aliyetaka kusifiwa angejaza nafasi zile kwa vidole vya haraka, lakini yeye anaziacha wazi. Nionavyo mimi, uvumilivu ule hakuupata katika santuri. Ni mazoea ya mtu aliyekulia mbele ya waumini wanaohitaji nafasi ya kuvuta pumzi kati ya beti na beti.

Nje ya kanisa palikuwa na muziki wa aina nyingine. Kila tarehe 2 Januari vikundi vya Cape Town huandamana mitaani na banjo, tarumbeta na ngoma ndogo iitwayo goema, katika sherehe yenye asili ya siku ya mapumziko waliyokuwa wakipewa watumwa wa Cape baada ya mwaka mpya wa mabwana zao. Mpigo wa ngoma hiyo, unaojikokota kidogo kisha ukaruka, umo katika tungo zake nyingi. Alisoma katika shule ya sekondari ya Trafalgar iliyoko District Six, mtaa uliokuwa na watu wa kila dini na asili, na akiwa huko alisikia kwaya za Kiislamu, bendi za dansi na wapiga marabi, muziki wa vilabu vya pombe, kutoka Johannesburg bila kulazimika kusafiri.

Mwaka 1949, akiwa na miaka 15, alianza kulipwa kwa kupiga muziki. Aliimba katika kundi la Streamline Brothers, kisha akapiga piano katika bendi za dansi kama Tuxedo Slickers na ile ya Willie Max. Kazi ya bendi za namna hiyo ilikuwa kuchezesha watu usiku kucha: waltzi, kwikstepu, nyimbo zinazovuma redioni, na mpiga piano aliyekosea mwendo alijua kosa lake papo hapo kwa kutazama miguu ya wachezaji. Waambie vijana wako kwamba alikaa katika shule hiyo karibu miaka 10.

Nimesoma mahali kwamba Duke Ellington, yule kiongozi wa bendi ya jazi wa Marekani, ndiye aliyemgundua mtu huyu katika klabu moja ya Uswisi. Je, bila Ellington tungemjua?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Tukio lenyewe ni la kweli. Neno "kugundua" ndilo nisilolikubali, kwa sababu linamfanya msomaji adhani kwamba kabla ya usiku ule hapakuwa na chochote.

Tuanze na mwaka 1958, alipounda kundi lake la watu watatu, ambalo baadaye lilitulia likiwa na Johnny Gertze kwenye besi na Makaya Ntshoko kwenye dramu. Mwaka uliofuata watatu hao waliungana na vijana wa Johannesburg: Kippie Moeketsi aliyepiga saksofoni, Hugh Masekela wa tarumbeta na Jonas Gwangwa wa tromboni. Wakajiita Jazz Epistles. Moeketsi alikuwa mkubwa wao kwa umri na kwa masikio, na alikuwa akiwasukuma wenzake wamsikilize Thelonious Monk, yule mpiga piano wa New York aliyekuwa akigonga sauti ambazo wengi walizidhani ni makosa. Wachezaji sita hao hawakupiga muziki wa kuchezesha watu. Walipiga tungo zao wenyewe, na watu walikaa wakasikiliza.

Mwezi Januari 1960 walirekodi santuri moja iitwayo "Jazz Epistle Verse 1", ambayo ndiyo santuri ndefu ya kwanza ya jazi kurekodiwa na kundi la wanamuziki weusi wa Afrika Kusini. Nakala zilizochapwa mwanzoni zilikuwa 500 tu. Mojawapo ya tungo za Moeketsi ndani yake inaitwa "Scullery Department", na kichwa hicho kinataja chumba cha kuoshea vyombo, kwani huko ndiko wanamuziki weusi walikopelekwa kula chakula chao baada ya kuwatumbuiza wageni weupe ukumbini. Wimbo hauna neno hata moja la malalamiko, na malalamiko yote yamewekwa kwenye jina.

Wiki chache baadaye, tarehe 21 Machi 1960, polisi waliwaua watu 69 huko Sharpeville. Serikali ya Makaburu ilitangaza hali ya hatari, ikapiga marufuku vyama vya ukombozi na kubana mikusanyiko, na klabu ambazo watu wa rangi tofauti waliweza kukaa pamoja zikawa hatarini. Kundi lililokuwa halijamaliza hata miaka miwili likasambaratika. Masekela aliondoka nchini mwaka huo huo, naye Gwangwa akaondoka mwaka 1961 na msafara wa mchezo wa kuigiza wenye muziki, "King Kong", uliokuwa ukielekea London.

Brand alibaki hadi mwaka 1962. Alipoondoka alikwenda Zürich pamoja na mwimbaji Sathima Bea Benjamin, ambaye baadaye alikuwa mke wake, na punde Gertze na Ntshoko wakawafuata. Walipata kazi katika Club Africana. Mwezi Februari 1963 bendi ya Ellington ilikuja kupiga mjini humo, na hapa pana jambo ambalo simulizi fupi hulisahau: aliyemleta Ellington klabuni alikuwa Sathima. Yeye ndiye aliyekwenda nyuma ya jukwaa, akazungumza na mzee, akamshawishi aje kuwasikiliza kabla klabu haijafungwa. Ellington wakati huo alikuwa na makubaliano na kampuni ya Reprise, iliyoanzishwa na Frank Sinatra, yaliyomruhusu kupendekeza wanamuziki. Alisikiliza, akawaita Paris, na tarehe 24 Februari kundi lile la watatu likarekodi santuri iliyotoka kwa kichwa kinachosema kuwa Duke Ellington anamtambulisha Dollar Brand na wenzake.

Sathima naye alirekodi mjini Paris, akisindikizwa kwenye nyimbo kadhaa na Ellington mwenyewe na mtunzi mwenzake, Billy Strayhorn. Kazi yake kampuni haikuitoa. Kanda ilidhaniwa imepotea, na ilitoka hatimaye mwaka 1997, miaka 34 baadaye, kwa kuwa fundi wa studio alikuwa amejihifadhia nakala. Mwanamke aliyefungua mlango alibaki nje ya mlango huo kwa muda wote huo, na kila nikisoma kwamba Ellington "alimgundua" Dollar Brand huwa najiuliza ni nani hasa aliyegundua fursa.

Turudi kwenye swali lako. Mlango wa Ellington ulimsaidia sana: mwaka 1965 alipiga katika tamasha la jazi la Newport huko Marekani, akahamia New York, na mwaka 1966 alishika nafasi ya Ellington mbele ya bendi yake katika maonyesho 5, kazi ambayo mwenyewe amekiri ilimtia hofu. Bila hayo pengine wasikilizaji wa Ulaya wangechelewa kumfahamu. Hata hivyo Ellington alipoingia Club Africana alimkuta mtu wa miaka 28 aliyekuwa kazini kwa miaka 14, mwenye tungo zake, wapigaji wake na sauti yake. Alilompa ni barua ya utambulisho, na barua ya utambulisho haiandikwi kwa mtu asiye na cha kutambulisha.

Je, ni kweli ana wimbo unaotaja Kilimanjaro?
*Msomaji, Moshi*

Ni kweli. Unaitwa "Bra Joe from Kilimanjaro", na ndio unaofungua santuri ya "African Piano", aliyoirekodi peke yake mbele ya watu katika klabu ya Jazzhus Montmartre, Copenhagen, mwezi Oktoba 1969. Mkono wa kushoto unashika mzunguko mmoja mzito wa sauti za chini na kuurudia kwa dakika kadhaa, na wa kulia unauzunguka, mara unaugonga, mara unaukimbia. Usitegemee kusikia chochote cha Kichaga ndani yake. Kwa Mwafrika Kusini aliyekuwa akiishi huku na huko wakati ule, Kilimanjaro lilikuwa jina la Afrika iliyokwisha kujitawala.

Assalaam aleikum. Aliposilimu mwaka 1968 alikuwa mwanamuziki mashuhuri. Je, aliacha muziki? Na ni nani waliomvuta katika dini?
*Msomaji, Unguja*

Wa aleikum salaam. Hakuacha muziki, ila alibadilisha mwenendo wa maisha yake na, kwa sikio langu, alibadilisha hata namna ya kupiga.

Mwaka 1968 alirejea Cape Town akitoka Marekani. Uislamu kwake haukuwa jambo geni lililotoka mbali. Cape Town ina Waislamu tangu karne ya 17, wakati Waholanzi walipowaleta pale watumwa, wafungwa na wanazuoni waliohamishwa kwa nguvu kutoka visiwa ambavyo leo ni Indonesia na kutoka sehemu nyingine za pwani za Bahari ya Hindi. Wajukuu wa watu hao walikuwa jirani zake, wanafunzi wenzake na wapigaji wenzake. Alisilimu katika mji aliozaliwa, miongoni mwa watu aliowajua, na mwaka 1970 alikwenda Makka kuhiji.

Baada ya hapo aliishi kwa muda Swaziland, nchi ambayo leo inaitwa Eswatini, akaanzisha shule ya muziki huko, kisha mwaka 1973 akarudi tena Cape Town. Yeye mwenyewe ameieleza kazi ya muziki kuwa ni sehemu ya nidhamu ya kiroho, inayoambatana na mafunzo ya kujihami ya Kijapani aliyoyafuata kwa miaka mingi. Maswali ya fikihi kuhusu ala za muziki nayaachia masheikh wa Unguja, ambao najua hawakosi la kusema. Ninachoweza kukueleza ni kinachosikika: tungo zake za baada ya mwaka 1968 ni ndefu zaidi, zina marudio mengi zaidi, na hazina haraka ya kufika popote.

Tafadhali tueleze "Mannenberg" ni nini hasa. Wengine husema ni wimbo wa ukombozi, wengine husema ni wa dansi. Na nimesikia kwamba aliuchukua kwa mtu mwingine.
*Msomaji, Mombasa*

Ni vyote viwili, na hilo la tatu lina ukweli fulani. Nitaanza na jina.

Tarehe 11 Februari 1966 serikali ilitangaza kuwa District Six, ule mtaa uliokuwa na shule yake ya sekondari, ni eneo la watu weupe. Sheria iliyotumika ilikuwa ya mwaka 1950, iliyogawa makazi kwa rangi, na katika miaka iliyofuata zaidi ya watu 60,000 walihamishwa, nyumba zao zikavunjwa kwa matingatinga. Walipelekwa kwenye uwanda wa mchanga nje ya mji, katika vitongoji vilivyojengwa kwa ajili ya kundi ambalo sheria ililiita la machotara. Kimojawapo kinaitwa Manenberg. Jina la wimbo linaandikwa kwa n mbili za mwanzo na la kitongoji kwa moja, jambo ambalo limewasumbua wahariri wengi.

Mwezi Juni 1974 Abdullah Ibrahim aliingia studio moja ya Cape Town na wapigaji wa pale pale, miongoni mwao Basil Coetzee na Robbie Jansen wa saksofoni. Msimamizi na mlipaji wa gharama alikuwa Rashid Vally, mwenye duka la santuri mjini Johannesburg. Studioni palikuwa na piano kubwa nzuri na pia ile ya kusimama ambayo nyundo zake zilikuwa zimepachikwa vipini vidogo vya chuma vya kubandikia karatasi, ili itoe sauti kali na kavu kama ya piano chakavu za mitaani. Aliiacha ile nzuri akakaa kwenye hii.

Alichopiga kilikuwa marabi, muziki uliozaliwa katika vilabu vya pombe vya Johannesburg miaka ya 1920 na 1930, ambako mpiga piano alishika mzunguko mfupi wa vituo vinne, yaani mafungu manne ya sauti zinazopigwa pamoja, na kuuzungusha hadi kunapambazuka. Wasomi wa muziki na hata wanamuziki wa kisasa wa enzi zake walikuwa wakiudharau. Juu ya mzunguko huo aliweka dramu zilizochanganya mpigo wa goema wa Cape na ule wa muziki wa soul wa Marekani uliokuwa ukivuma, kisha akamwachia Coetzee nafasi ndefu ya kusema alichonacho kwa saksofoni. Wimbo una zaidi ya dakika 13 na haukimbilii kilele. Coetzee alipiga vizuri kiasi kwamba watu walimbandika jina la wimbo, akaitwa Basil "Mannenberg" Coetzee hadi kufa kwake.

Vally alifunga vipaza sauti nje ya duka lake, akaucheza barabarani, na wapita njia wakaanza kuulizia. Katika miaka ya 1980 ulipigwa kwenye mikutano ya hadhara dhidi ya ubaguzi, mara nyingi na Coetzee na Jansen wenyewe, na umati uliucheza kama wimbo wake. Wimbo usio na maneno haumpi mkaguzi pa kushika. Polisi wangeweza kuupiga marufuku mkutano, lakini kuupiga marufuku mzunguko wa vituo vinne ambao ulikuwa katika kila harusi lilikuwa jambo jingine.

Sasa kuhusu kuuchukua. Waliochunguza muziki huo wameonyesha kwamba sehemu ya sauti kuu ya "Mannenberg" inafanana na wimbo wa "Jackpot" wa Zacks Nkosi, mpiga saksofoni wa kizazi kilichotangulia. Kufanana kupo, nawe ukizisikiliza zote mbili utakusikia. Marabi ilikuwa mali ya wote, na vipande vya sauti vilihama kutoka kwa mpigaji mmoja hadi mwingine bila hati yoyote, kwa hiyo sioni haki ya kumwita mtu mwizi. Lakini pia sioni ubaya wowote wa kulitaja jina la Nkosi kila wimbo huu unapozungumzwa, na ingefaa litajwe zaidi ya linavyotajwa sasa. Mchango wa Ibrahim ni kuuchukua muziki uliodharauliwa, akaupunguzia mwendo, akaufungulia nafasi, na kuupa jina la mahali ambapo watu walikuwa wametupwa.

Wenzake wa Jazz Epistles waliishia wapi? Mzee wangu husema kuwa Masekela alikuwa na uhusiano fulani na Masasi.
*Msomaji, Mtwara*

Mzee wako ana kumbukumbu nzuri, ingawa uhusiano huo ni wa kupitia kwa mtu mwingine. Tarumbeta ya kwanza ya Masekela alipewa na Padri Trevor Huddleston katika shule ya St Peter's, Johannesburg. Padri huyo huyo aliteuliwa kuwa Askofu wa Masasi mwaka 1960, akakaa huko hadi 1968, na waumini wazee wa kusini mwa Tanzania bado wanamkumbuka.

Masekela alipata umaarufu mkubwa Marekani na kufariki mwaka 2018. Gwangwa aliongoza kundi la Amandla la chama cha ANC uhamishoni, na akashiriki kutunga muziki wa filamu ya "Cry Freedom" ya mwaka 1987. Alifariki mwaka 2021. Ntshoko alifanya makazi yake Uswisi. Moeketsi, ambaye wenzake wote walimwita mwalimu, alibaki nyumbani, alinyimwa nafasi kwa miaka mingi, na alifariki mwaka 1983 bila kuuona mwisho wa serikali iliyompeleka kula jikoni.

Ibrahim naye aliondoka tena. Baada ya mauaji ya wanafunzi wa Soweto yaliyoanza tarehe 16 Juni 1976, alijitokeza hadharani kuiunga mkono ANC, akarudi New York na familia yake, na hakurejea nchini kuishi hadi Mandela alipofunguliwa mwaka 1990. Alipiga piano katika sherehe za kumwapisha Mandela mwaka 1994.

Ninajifunza piano mwenyewe kwa kutazama video. Nianzie wapi kumsikiliza, na nisikilize nini?
*Msomaji, Kampala*

Anza na "African Piano" ya mwaka 1969, kwa kuwa yuko peke yake na hakuna ala nyingine ya kukuchanganya. Mara ya kwanza usiufuatilie mkono wa kulia hata kidogo. Sikiliza wa kushoto tu, uuhesabu, kisha ujaribu kuupiga kwa dakika 5 bila kuongeza mwendo. Vijana wengi wanaojifunza kwa video hushindwa hapo, kwa sababu video nyingi zinafundisha vidole vinavyokimbia na hazifundishi mkono unaokaa.

Kisha rudi nyuma kwenye "Jazz Epistle Verse 1" ya mwaka 1960 umsikie akiwa kijana anayempenda Monk kupita kiasi. Anagonga sauti mbili zilizopakana kwa makusudi, na mara nyingine unamsikia akijaribu vazi ambalo bado halijamkaa. Santuri ya Paris ya mwaka 1963 iko kati ya hizo mbili na inafaa kusikilizwa baada ya kuzijua zote.

"Mannenberg" iache mwisho, na utakapoifikia usiishie kwenye wimbo wenye jina hilo. Santuri ile ina nyimbo mbili tu, mmoja kila upande. Wa upande wa pili unaitwa "The Pilgrim", una dakika zipatazo 13 kama mwenzake, umepigwa na watu wale wale siku zile zile, na ulitungwa na mtu aliyekuwa ametoka Makka miaka minne kabla. Wasikilizaji wengi waliocheza upande wa kwanza hadi ukakwaruzika hawakuwahi kuigeuza santuri.